Nywele za Bosi Zinakatika, na Uso Wake Unashangaa Mpaka Jumanne

Mshauri,

Pokea salamu zangu pamoja na kijikaratasi nilichokikunja ndani ya bahasha hii, tafadhali usikitupe, ndani yake mna nywele za binti yangu, nimezileta ili uone kwa macho yako kwamba sizushi wala sitafuti cha kuandika, na barua yenyewe nimeileta kwa mkono hapo getini kwenu kwa sababu gazeti linatoka Alhamisi na mimi nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

Mimi ni fundi wa viti vya henzirani, vile ambavyo kikalio na egemeo lake vimesukwa kama jamvi, na karakana yangu iko hapa hapa uani. Mke wangu anaoka mikate, hutoka nyumbani hata jogoo hajajua kama kumekucha. Tuna binti mmoja, ana miaka tisa, jina la kwenye cheti analo, ila mimi humwita Bosi kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kuniomba kitu, huniagiza. Zamani mama yake ndiye aliyemsuka, lakini tangu aanze kazi ya mikate anarudi viganja vimechoka kukanda unga, hata kifuniko cha chupa ananipa mimi nifungue, basi siku moja akaniambia, "Fundi, wewe unasuka kutwa nzima, kichwa kimoja kitakushinda?" Nikavuta kigoda, nikakaa nyuma ya Bosi, na Mshauri, nisikufiche, hakikunishinda.

Nilifanya ninavyojua. Henzirani, ule ufito mwembamba wa kusukia, ikiwa kavu haisukwi, inavunjika, lazima uiloweke kwenye beseni mpaka ilainike kama kamba ya kiatu, halafu unaivuta ikiwa bado mbichi, na ikikauka inajivuta yenyewe, kikalio kinakaza kama ngoma, ukikigonga kwa kidole kinaitika. Basi nami nikazilowesha nywele za Bosi chapachapa, nikachora njia zilizonyooka kwa rula, nikavuta, nikasuka mistari myembamba mpaka kisogoni, na kila ncha nikaifunga kwa uzi wa nta wa karakanani ambao haufunguki hata uuombe. Zilipokauka, kichwa kilitulia. Kilikaa wiki tatu bila unywele hata mmoja kuchungulia. Mama wa jirani akamuuliza Bosi msusi wake ni nani, Bosi akajibu, "Ni yule pale anayepigilia misumari." Dada yangu, ambaye ndiye shangazi yake na anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu, alikizungusha kile kichwa kama mtu anayechagua tikiti maji, akasema, "Kaka, hapa mtu anaweza kukaa." Nilifurahi wiki nzima.

Ni kweli kwamba kila akitoka mikononi mwangu Jumamosi nyusi zake zilikuwa zimepanda kidogo, anakuwa kama mtu aliyepewa habari njema ghafla, na hali hiyo ilikuwa ikidumu mpaka kama Jumanne hivi. Mwalimu wake aliwahi kuniuliza kwa nini kuna Jumatatu ambazo mtoto huyu anashangaa kutwa nzima, hata kwenye kujumlisha. Nikamwambia anapenda shule.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili linanikosesha raha. Siku za kawaida nikimuuliza Bosi shule ilikuwaje, hunijibu, "Ilikuwepo." Lakini nikikaa nyuma yake, yeye amenipa kisogo na mimi nimeshika chanuo, maneno yanamwagika kama gunia la mchele lililotoboka. Hapo ndipo nilipojua nani amehamishwa dawati na kwa kosa gani, nani anakula penseli, kwamba anaogopa kuogelea ila huwaambia wenzake ana mafua, na kwamba akikua atakuwa ama rubani ama muuza vitanda, kwa sababu wauza vitanda wanaruhusiwa kuvijaribu. Mambo haya hamwambii mtu mwingine. Mimi nayasubiri wiki tatu nzima, mpaka siku ya kufumua na kusuka upya.

Tatizo lilianza kwenye mto, nikaona vinyweleo vifupifupi kama vile vinavyobaki shingoni kwa kinyozi. Halafu sehemu ya mbele ikaanza kurudi nyuma, na juu ya masikio pakawa peupe, na kando ya paji pakatoka vipele vidogo, na nikifumua, chanuo linatoka limejaa. Nikalaumu sabuni, nikabadilisha. Nikalaumu maji ya bomba, mto, kofia ya shule, na yale mafuta aliyotuletea dada yangu, hayo nikayaficha kabisa. Mwenye duka akaniambia nywele zinadai mayai, nikavunja mayai nikampaka, mke wangu akarudi akaona maganda mezani, akasema, "Fundi, hayo ni mayai ya keki ya mteja." Akamtazama mtoto, akakitazama na kichwa chake, akaniuliza, "Sasa nimuingize kwenye tanuri nusu saa, au kipimo chako ni kingine?" Bosi akacheka mpaka yai likamwingia jichoni.

Na kadiri nywele zilivyodhoofika ndivyo vile vipande vifupi vilivyosimama na kuiharibu kazi yangu, mtu akiona atadhani fundi alikuwa na haraka, nami nikafanya kile ninachofanya kwa kiti kinachoanza kulegea, nikalowesha zaidi, nikakaza zaidi. Kila mara nilimuuliza, "Inauma, Bosi?" Na kila mara alinijibu, "Haiumi. Nilikuwa nimefika wapi?"

Juzi nilikuwa nimelala chali chini ya kochi la mteja, nafunga mikanda ya chini, Bosi akaja na rafiki yake wakakaa juu ya lile lile kochi, miguu inaning'inia karibu na pua yangu, hawajui kama nipo. Rafiki akamwambia, "Mbona hapa mbele unakuwa kama babu?"

"Nyamaza. Baba akisikia ataacha kunisuka."

"Si utasukwa na shangazi yako? Shangazi yako anasuka vizuri."

"Shangazi anasikiliza redio. Hanisikilizi mimi."

"Na baba yako anakuumiza?"

"Kidogo. Kidogo sana. Ni mpaka Jumanne tu."

Mshauri, nilibaki chini ya lile kochi mpaka walipoondoka, mikanda nikaifunga upande, mpaka leo mteja analalamika.

Nikamwambia mke wangu, yeye akamwambia dada yangu, kikao kikakaliwa jikoni. Dada yangu akasema, "Jumamosi nakuja na mashine. Tunanyoa, tunaanza upya, na kuanzia hapo kichwa ni changu, wewe bakia na viti." Mke wangu akasema, "Wifi, mwenye kichwa hajaulizwa." Dada akasema, "Aulizwe nini? Ulizeni huo upara." Mwishowe mke wangu akakata shauri kwamba kama mpaka Jumamosi sitakuwa nimejua kwa nini nywele hizi zinakatika, basi nisiziguse tena, na mashine ije.

Ndiyo maana nimekuandikia. Kwa nini zinakatika? Kuna dawa? Na ile saa yangu na Bosi, ndiyo imekwisha hivyo?

Ni mimi,
Fundi Viti

*

Fundi Viti,

Nywele zimefika. Nilizifungua juu ya meza yangu, mwenzangu wa meza ya pili akahamisha chai yake. Nikaazima kioo cha kukuzia kwa mpiga picha wetu, nikazitandaza kwenye karatasi nyeupe, na haya ndiyo niliyoyaona.

Unywele uliodondoka kwa kumaliza muda wake huwa na kitone cheupe upande mmoja, ndiyo shina lake. Kila kichwa kinadondosha nywele za namna hiyo kila siku na hakuna anayepaswa kupoteza usingizi. Nyingi ya hizi zako hazina kitone popote. Ni vipande, vimekatika katikati, na baadhi bado vina nta ya karakanani kwako. Chache zina kitone lakini ni fupi na nyembamba, za mbele hizo, na hazikudondoka. Ziling'olewa. Nikampigia simu msusi wa siku nyingi, kisha daktari wa ngozi, nikamsomea kila mmoja barua yako. Msusi alicheka, daktari hakucheka. Majibu yao yalikuwa yale yale.

Kwa hiyo sabuni haina kosa. Maji, mto na kofia havina kosa. Yale mafuta ya dada yako yatoe ulikoyaficha, na dada mwenyewe umwombe radhi. Zinakatika kwa sababu ya mikono yako, na maelezo yote umeyaandika wewe mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, pale ulipokuwa ukijisifu.

Unywele si henzirani. Henzirani ikilowa inavumilia kuvutwa. Unywele ukilowa ndipo unapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Nje una magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ukinywa maji unavimba, vigae vinainuka, na wenyewe unavutika kama mpira wa soksi kuukuu. Ukiuvuta kupita kiasi haurudi ulivyokuwa, unapata nyufa ndani ambazo huzioni. Halafu unakauka. Nywele za msokoto kama za Bosi zikikauka hujikunja na kuwa fupi, ila wewe umeshazifunga pande zote mbili, huku ngozi ya kichwa, huku uzi wa nta usiofunguka hata uuombe. Lazima upande mmojawapo uachie. Ama unywele unakatika, na msokoto una mipindo mingi ya kukatikia, ama shina linang'oka. Vile vipele kando ya paji ni mashina yakilalamika. Wiki tatu za namna hiyo, kisha chanuo, kisha beseni tena. Ulipoona zimechoka, ukakaza.

Mayai hayakumdhuru mtu isipokuwa mwenye keki. Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai, haujiponyi wenyewe, na hakuna yai, mafuta wala chupa ya dukani itakayounganisha uliokatika. Nimekujibu la dawa. Kinachowezekana ni kuacha kuuvunja na kungoja mwingine, unaokua kama sentimita moja kwa mwezi.

Dada yako alikuambia mapema kabisa kwamba umetengeneza kiti, nawe ukafurahi wiki nzima. Mwalimu naye aliona. Mtoto hakuwa akishangaa, Fundi. Alikuwa hawezi kushusha nyusi.

Nimemaliza kukugombeza kuhusu nywele. Lipo jambo la pili ambalo kutoka chini ya kochi usingeweza kuliona vizuri. Wewe uliogopa kunyang'anywa kile kigoda, na yeye aliogopa hicho hicho. Ulikuwa ukimuuliza kama inauma huku chanuo liko mkononi, naye akilipima jibu lake kwa yale ambayo lingemkosesha. Nimefanya kazi hii ya barua miaka mingi, na baba ambao watoto wao wanaficha maumivu ili waendelee kuongea nao si wengi mezani kwangu. Wengi wananiandikia kwamba mtoto hafungui mdomo. Kwa hiyo usinililie sana.

Sasa sikiliza, maana Jumamosi ni keshokutwa.

Mashine ya dada yako ibaki kwenye droo. Hakuna cha kunyoa hapo, na mkeo yuko sahihi, mwenye kichwa hajaulizwa. Daktari anasema nywele za mbele zitarudi ikiwa mvuto utakoma sasa, mtoto akiwa mdogo. Ukiendelea miaka, mashina yanakufa na ngozi inabaki laini kama kikombe, hapo hata mimi usiniandikie. Vipele visipokauka ndani ya wiki mbili, au vikitoa usaha, mpeleke zahanati, usimuulize mwenye duka.

Jumamosi hii husuki. Unafumua. Ncha zilizofungwa kwa nta zikate kwa mkasi mkali, usizikwangue. Osha, acha zikauke zenyewe, paka mafuta kidogo, kisha chana kwa chanuo la meno mapana ukianzia nchani na kupanda juu pole pole. Najua ulikuwa ukianzia shinani na kushuka, hukuandika lakini najua. Zifunge kwa utepe laini au ziache wazi, mpaka ngozi ipone. Na utakaa pale pale kwenye kigoda chako, nyuma yake, kwa saa ile ile, maana kufumua kwa uangalifu kunachukua muda kuliko kusuka kwa nguvu. Hapo hapo, ukiwa humwoni uso naye hakuoni, mwambie ulikuwa chini ya kochi. Usimkaripie kwa kuficha. Mwambie kwamba kigoda hakiendi popote, kisha nyamaza, yeye atajua cha kusema.

Ngozi ikipona utamsuka tena. Beseni libaki uani na uzi wa nta ubaki karakanani. Nywele ziwe kavu, zenye mafuta, mistari iwe michache na minene, na zile laini za mbele uziache nje, hazidai kusukwa. Ukimaliza mwambie akunje uso, apandishe nyusi, acheke. Kitu chochote usoni kikikataa kusogea, fumua papo hapo. Na kwa kuwa unamwita Bosi, mpe amri moja ya kikazi: akisema "Legeza," unalegeza, huulizi inauma kiasi gani na humwambii avumilie. Kuhusu kichwa kile, neno la mwisho ni lake, si lako, si la shangazi, wala si langu.

Dada yako usimfungie mlango. Mwalike aje akague. Ana jicho, tumeliona. Apitishe kidole chini ya kila mstari, kisipopita akuambie kwa maneno yake mwenyewe, sidhani kama atakosa. Ila redio aiache kwake.

Limebaki moja, na kwa fundi kama wewe hili ndilo gumu. Kazi ya namna hii haidumu. Nywele zilizosukwa kwa ulegevu unaofaa hazikai wiki tatu. Kufika katikati ya wiki vinyweleo vitaanza kuchungulia, mistari itavimba, na mama wa jirani anaweza kuhamishia sifa zake kwingine. Umezoea kutoa kazi mlangoni usiione tena kwa miaka. Hii itakurudia kila wiki, na kila wiki utakaa chini, utafumua, utachana, utasuka upya. Wewe uliyekuwa ukingoja wiki tatu kujua nani anakula penseli, fikiria hilo kwa utulivu kabla hujanung'unika.

Kwa hiyo zikilegea Ijumaa, usione haya na usikimbilie beseni. Ujue kazi imekwenda vizuri, na kesho yake ni Jumamosi.